Tundu la Pini Kumi na Sita

Jumatatu, 6 Machi

Gari limezimika tena. Mara ya nne ndani ya siku tisa, na kila mara ni dakika ya ishirini, injini ikishapata moto. Leo katikati ya makutano, nyuma nimepakia sare za shule mia na arobaini. Honi hizo! Dereva mmoja kaniambia, mama, hilo lipeleke makumbusho. Nimelisukuma mwenyewe. Tangu cherehani ya kwanza kila kitu nasukuma mwenyewe.

Fundi wa kona amebadilisha plagi, kisha pampu ya mafuta, kisha plagi tena. Anajuaje? Anasema anahisi. Anahisi! Mimi nikishona kwa kuhisi, watoto wa watu watavaa magunia.

Basi nanunua mashine ya kupimia kompyuta ya gari, yangu mwenyewe. Jumanne ya wiki ijayo, saa mbili asubuhi, mama anafanyiwa operesheni ya jicho. Hospitali ni mwendo wa dakika hamsini. Gari langu linaenda ishirini.

Jumatano, 8 Machi

Maduka matatu. Muuzaji wa kwanza: kidude cha bluetooth, kidogo kama kiberiti, majibu yanakuja kwenye simu. "Dada, hiki kinasoma gari lolote." Wa pili: hicho ni cha kuchezea, chukua hii yenye skrini, inasoma mpaka mifuko ya hewa. Gari langu halina mifuko ya hewa! Wa tatu kauliza la mwaka gani. Tisini na tatu. Kacheka mpaka kashika meza. Hilo halina kompyuta, mama.

Sasa – lina au halina?

Wawili wa kwanza wanakubaliana kitu kimoja: tundu la kuchomekea mashine liko chini ya usukani, pini kumi na sita. Nimepiga magoti nusu saa na tochi. Nimepata peremende na kifungo cha shati. Tundu hakuna.

Nikampigia kaka, ndiye aliyeniuzia. Mashine ya nini? Miaka sita kaliendesha, anasema, taa ya injini haijawaka hata siku moja. Mama kadakia kutoka kitandani: kakako hawezi kukuuzia kibovu.

Alhamisi, 9 Machi

Tundu nimelipata! Ndani ya boneti, kiboksi cheusi chenye kifuniko. Nimehesabu mara tatu: nafasi ishirini na tatu, ila zenye pini ni kumi na saba tu. Kwa nini si kumi na sita?

Wa bluetooth anasema hiyo moja si kitu, kuna adapta. Wa skrini anasema adapta ninazo tisa. Zote tisa tumejaribu. Hakuna iliyoingia. "Gari lako kaidi, dada." Gari, au wewe?

Jumamosi, 11 Machi

Kuna fundi umeme wa magari wanamwita Fyuzi. Kanitazama na vipeperushi vyangu vya madukani, kasema usinunue chochote. Gari la umri huu linajisemea lenyewe. Unaunganisha matundu mawili ya kile kiboksi kwa kipande cha waya, unafungua swichi, taa ya injini inakonyeza, wewe unahesabu.

Kuhesabu! Siku tano nazungushwa, kumbe ni kuhesabu tu.

Kafungua swichi. Taa kimya. Kaniuliza, mara ya mwisho taa hii iliwaka lini? Haijawahi, nikasema, tena kwa fahari. Kanitazama kama daktari mwenye majibu mabaya. Kila gari, anasema, ukifungua swichi kabla ya kupiga stata, taa hiyo lazima iwake kidogo. Isipowaka, usishangilie.

Kafungua dashibodi. Mahali pa balbu ya taa hiyo – patupu. Haikuungua. Haipo!

Labda ilidondoka? Hii hufungwa kwa kuzungushwa, mama. Haidondoki.

Kaweka mpya. Ikakonyeza: mbili, kimya, mbili. Tena: mbili, kimya, mbili. Ishirini na mbili. Sensa ya joto la maji, anasema, ndiyo inayolizima. Ataitafuta Jumatatu, hajaahidi.

Nani kaitoa? Fundi wa kona? Mwenyewe wa zamani, kabla ya kaka? Nahesabu watu, hesabu haikai.

Jumapili, 12 Machi

Kaka kaja kumwona mama. Nikampa ufunguo, nikasema sogeza gari, limeziba geti. Kuhusu Fyuzi sijatamka neno. Nikasimama kwenye dirisha la dereva.

Kafungua swichi. Taa ya njano ikawaka. Hakuuliza kuna nini. Hakusema limeharibika. Kasema polepole, kama anajisemea:

"Nani ameirudisha?"

Ameirudisha!

Nimeingia ndani kuandika kabla sijajidanganya kwamba sikusikia vizuri. Mama anaita toka sebuleni, Jumanne anataka kuendeshwa na kaka, mimi nina haraka sana barabarani. Nimjibu nini? Jicho lake linaloona ni moja tu.

Yeye bado yumo garini. Kapiga stata, gari hajalisogeza. Mikono kwenye usukani, anatazama dashibodi. Dakika ya kumi na moja sasa, ishirini haijafika, injini inanguruma vizuri kabisa.

Kumi na mbili.