Maria wa udongo

Jumatatu, 3 Machi
Shule, basi, nyumbani, kufunga mlango. Mama yuko kazini kwenye nyumba ya wazee, kwa hiyo nakaa na Koko, mama yake. Siruhusiwi kutoka hata dukani. Mama anaogopa mitaa ya hapa.
Jumapili pasta atakuja kuombea nyumba. Mama ameniita jikoni, akafunga mlango.
"Ile sanamu ya Koko isionekane. Ijumaa asubuhi akiwa anaoga, ikamate, itupe."
Niliendelea kuosha vikombe. Mama alidhani nimekubali.

Jumanne, 4 Machi
Ni Bikira Maria na mtoto, sanamu bapa ya kutundikwa ukutani. Udongo wa kuchomwa, joho la buluu linalong'aa, upana kama daftari. Sista Mbelgiji alimpa Koko siku ya ndoa yake, Bukavu. Koko aliibeba hadi kambi ya wakimbizi ndani ya blanketi, kisha hadi hapa ughaibuni, Hodge Hill. Sahani zote zilivunjika njiani. Hii hapana.
Nimeichagua kwa kazi yangu ya sanaa shuleni. Koko akaniruhusu kuitoa ukutani nipige picha nyuma. Kuna herufi mbili, M.V., na jina la nchi, Ubelgiji. Sikumwambia jambo la Ijumaa. Mimi ni mwoga.

Alhamisi, 6 Machi
Mwalimu wa sanaa ametafuta M.V. ni nani. Anasema miaka ya hamsini Ubelgiji ilikuwa na karakana nyingi ndogo za sanamu hizi, za kutundikwa jikoni na kupewa maharusi. Wengi waliozitengeneza hawajulikani. M.V. hakumpata.
Nimekasirika. Mtu hufanya kazi nzuri hivi, halafu anabaki herufi mbili.
Lakini pembeni mwa joho kuna alama ya kidole, imeganda ndani ya rangi. Nimeweka changu juu yake. Kinatosha kabisa. Labda M.V. alikuwa msichana. Labda alipaka buluu kutwa nzima, Maria baada ya Maria, na dirisha limefungwa. Jicho moja la Maria limeshuka kidogo. Nadhani siku hiyo alichoka.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeichukua.
Koko alikuwa bafuni, anaimba. Niliifunga kwa sweta, nikaenda hadi kwenye mapipa ya taka. Nikainua mfuniko. Nikaurudisha. Nimeificha shuleni, kwenye kabati la sanaa.
Mama aliuliza, nikasema tayari. Koko aliuliza, "Mutoto wangu, ni weye ulikamata?" Nikasema sijui.
Uongo mara mbili, siku moja. Na shule imefungwa hadi Jumatatu. Siwezi kuirudisha, siwezi kusema.

Jumamosi, 8 Machi
Koko hajala tangu jana. Hata chai. Ameketi akiutazama ukuta, rozari mkononi. Umebaki msumari tu.
Mama alipiga kelele: "Sasa unaabudu musumari!"
"Musumari haujanikosea kitu," Koko akasema.
Nilitaka kucheka. Nikaenda chooni nikalia. Ndicho chumba pekee chenye ufunguo wa ndani.

Jumapili, 9 Machi
Pasta alikuja na chupa yake ya mafuta ya kuombea. Akapaka milango yote. Akamkuta Koko, midomo imekauka.
"Koko, unaumwa?"
"Nimeibiwa."
Mama akatazama sakafu. Nilingoja aseme. Hakusema. Basi nikasema mimi: ni mimi niliyeichukua, Mama aliniagiza, haijatupwa, iko shuleni. Nilisema hadi mwisho.
Pasta akamgeukia Mama.
"Mama Furaha, sanamu mimi sizipendi. Hilo unalijua. Lakini kumtuma mtoto amwibie bibi yake? Wizi siuombei."
Akafunga chupa yake, akaondoka bila kula. Wali wa watu kumi ukabaki mezani.
Mama aliniambia, "Umenivua nguo mbele ya watu." Nilijua ni kweli. Sikuomba msamaha. Kwa Koko niliomba. Alinipa mkono, akaomba uji.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeirudisha, nzima. Mama ameamua ikae chumbani kwa Koko, si sebuleni. Koko amekubali. Mama mwenyewe alipiga msumari, uso ameugeuzia dirishani, akajigonga kidole.
Bado siruhusiwi kutoka. Mama hajasema lolote na mimi tangu jana.
Baadaye nilipita mlangoni. Mama alikuwa amelala kitandani kwa Koko, na viatu vya kazi miguuni. Koko alikuwa anamvua taratibu, kimoja, halafu cha pili.