Kasiya ya Bia Chini ya Kitanda Chako

Bukavu, Jumamosi, tarehe 12 Novemba. Asubuhi ukungu ulifunika ziwa lote, kisha manyunyu mpaka saa nne.

Maman Nabintu,

Nimeanza na hali ya hewa kama kila siku. Ungecheka. Ulikuwa ukiniambia, "Murundi wangu, Mungu anajua tayari kama mvua ilinyesha." Lakini leo nataka nikueleze mambo kwa mpango, maana leo mlango wako umefanya kazi tena.

Tangu tulipokuzika, nyumba yako ya Cimpunda haijabadilika sana. Papa Donat amehamia kulala sebuleni. Anasema chumba chenu ni kikubwa mno kwa mtu mmoja. Mimi napika kwangu na kumletea. Analalamika kwamba sombe yangu haina pilipili, halafu anamaliza sahani.

Jumatano alinijia Divine, nikamleta hapa kwako. Wewe hukumjua. Ni Murundi kama mimi, ameolewa barabara ya chini, ana mtoto mchanga. Jicho moja lilikuwa limezibwa na uvimbe. Mume wake alimwambia yale yale niliyoambiwa mimi na mume wangu: "Enda polisi, uone. Uko mugeni. Watakurudisha kwenu." Na karatasi ya ukimbizi ya Divine, mume ameifungia ndani ya valizi, lile sanduku lake la safari. Mama, nilisikia maisha yangu yanasomwa na mtu mwingine.

Nikakumbuka siku niliyosimama kwenye mlango huu. Huku kwenu, mke akipigwa anakimbilia kwa wazazi wake, na mume anamfuata na wajomba na kasiya ya bia, kreti nzima, kuomba msamaha. Mimi wazazi wangu walikuwa wamelala katika udongo wa nchi nyingine. Nilikuwa sina pa kukimbilia, na mume wangu alilijua hilo vizuri. Wewe uliniangalia mdomo uliopasuka, ukasema tu, "Ingia. Kwenu iko hapa."

Hukuniacha nifue ile blauzi yenye damu. Hospitali kwanza, tukapate karatasi ya daktari. Kisha ofisi ya parokia, kwa yule avoka, wakili wa kike. Nilimuuliza kama mgeni anaweza kushtaki. Akanijibu kwamba sheria inayokataza kumpiga mtu haiulizi aliyepigwa alizaliwa wapi, inauliza nani amempiga. Na karatasi ya ukimbizi ni yangu, hakuna mume mwenye haki ya kuificha. Nilimwomba arudie, niandike. Wewe ulinisubiri, mkono wako juu ya goti langu.

Mume wangu na wajomba zake walipokuja na bia yao, uliipokea kwa heshima na kuisukuma chini ya kitanda. Chupa ikifunguliwa, msamaha umetolewa na mke anarudi. Kwa hiyo isifunguliwe mpaka avoka amalize kazi yake. Ni Papa Donat tu uliyesahau kumwambia! Alirudi kutoka kazini ana kiu, akaona neema ya Mungu chini ya kitanda. Kesho yake wakwe zangu wakarudi, wakakuta chupa tupu. "Bia imekunywewa! Mambo imeisha. Bibi yetu arudie." Nilikuwa nimeshainua mfuko wangu. Wewe ukaziba mlango na mwiko mkononi: "Ni bwana yangu njo alikunywa. Basi mumubebe yeye, aende awapikie!"

Hata mjomba wao mkubwa alicheka. Wakaondoka bila mimi. Baadaye hakimu wa tribunali aliniachia watoto wangu na karatasi yangu ikarudi mkononi mwangu, lakini mimi nahesabu uhuru wangu tangu kicheko kile.

Leo wamekuja hapa kumfuata Divine, wanaume watatu, mume wake na mjomba kati yao, na kasiya yao. Avoka anamngojea Jumatatu. Angerudi leo, Jumatatu asingeruhusiwa hata kutoka nje. Alimkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka akaanza kulia. Papa Donat alivaa koti alilovaa siku ya mazishi yako. Kabla ya kufungua mlango, alitoa kifungulio cha chupa kwenye msumari ukutani, akakiweka mkononi mwangu.

"Shika, mutoto wangu. Mimi sijiamini."

Kisha akakaa kwenye kiti chako, si chake. Mjomba akasema wamekuja kuchukua bibi yao. Papa Donat akajibu polepole: "Mumefika kwabo, kwa wazazi wake. Bia tumepokea, aksanti. Itafunguliwa siku yeye mwenyewe atasema."

"Na akikataa?"

"Basi mutakuja kuibeba, ingali nzima."

Hawakucheka, Mama. Sisi hatuna ulimi wako. Mume alipiga ukuta kwa ngumi, mjomba akamshika mkono, wakaondoka bila Divine. Valizi bado imefungwa. Jumatatu avoka ataidai karatasi, nami nitakaa pembeni ya Divine, mkono wangu juu ya goti lake, kama ulivyonifundisha.

Asante kwa kwetu ulikonipa. Nakuahidi mlango huu hautafungwa mbele ya mtu asiye na pa kukimbilia, maadamu mimi na muzee tunapumua. Pumzika, Maman Nabintu. Ulifanya kazi ya kutosha.

Divine na mtoto wamelala kwenye kitanda chako, kasiya iko chini yao. Mimi leo nalala hapa hapa, kifungulio kiko chini ya mto wangu.

Saa tano na robo. Nazima taa.