Mama Ameamka, Kaka

Nyumba ya Wazee,
Chumba Na. 9, kando ya dirisha.
Jumapili, 14 Juni

Kaka mpendwa,

Hujambo wewe na nyumba yako yote? Wifi mgongo umepoa, au bado anabeba ndoo kwa ubishi? Na mapacha, wanasoma au wanapigana tu? Mimi ni mzima, ila miguu inavimba nikisimama dukani kutwa.

Uliniuliza kwenye simu kama Mama ametulia. Nikajibu ndiyo, nikakata upesi. Leo naandika kwa sababu haya kwenye simu ningeyaharibu: mimi ningelia, na wewe ungeanza ukali wako.

Mama hakuwa ametulia, kaka. Alikuwa amelewa dawa. Vile vidonge vya kutuliza, tulivyoviridhia mimi na wewe, vilimfanya asinzie kitini tangu asubuhi, kikombe mkononi, chai ikipoa. Mara mbili alianguka akienda msalani. Na unakumbuka kwa nini alianzishiwa: alikuwa akivuta nguo za watu. Wazee wenzake walilalamika, mmoja akamzaba kofi.

Basi akaja muuguzi mpya, mama mmoja mnene asiye na haraka. Alikaa na Mama siku tatu akimtazama tu. Kisha akaniuliza Mama alikuwa akifanya kazi gani. Nikasema fundi cherehani, miaka thelathini na minane. Akaguna. Kumbe mkono wa Mama hauendi popote ila kwenye pindo. Alikuwa anakagua mishono ya watu! Na sisi wanawe, tuliovishwa na mkono huohuo, hatukuwahi kuwaambia hapa kazi yake. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Daktari hakukata dawa ghafla. Alisema ni hatari. Nusu kidonge kwa wiki tatu, halafu robo. Mwanzoni ilikuwa balaa. Usingizi ulimpaa, akanitukana, akamrushia muuguzi kikombe. Nilikaribia kusema warudishe. Muuguzi akamletea kapu la foronya zilizofumuka, na sasa Mama anakunja mapindo mchana kutwa. Mdomo nao umerudi. Juzi alimwambia mpishi kwamba suruali yake imeshonwa na mtu aliyemchukia. Nilicheka mbavu zikauma.

Sasa nije penye uzito. Jumanne aliinua kichwa akauliza Baba yuko wapi. Unajua siku ya mazishi tulimkalisha mbele akiwa na dawa kichwani, akawa anatazama watu kama anayengoja basi. Nilitaka kumdanganya, ulimi ukakataa. Nikamshika mikono, nikamwambia Baba alitutoka mwaka jana. Alilia, kaka. Alilia mpaka majirani wa chumba cha pili wakaja mlangoni. Muuguzi wa zamu akaleta kidonge kwenye kikombe kidogo, akaniuliza kama nataka apewe. Nami, nakiri, nilinyoosha mkono nikipokee.

Mama akanikamata mkono. Akasema, "Niache nimlilie, mwanangu. Sijamlilia bado."

Nikamwambia muuguzi akirudishe. Nikapanda kitandani kwake tukalia wote wawili, mpaka akaanza kunisimulia jinsi Baba alivyokuja kupimwa shati akiwa kijana, akarudi mara nne kusema limembana. Hadithi hiyo sikuwahi kuisikia.

Daktari anangoja neno lako Ijumaa, maana kwenye karatasi wewe ndiye mkubwa. Ile robo iliyobaki iachwe kabisa, asipewe tena, au dawa irudi kama zamani? Najua unaogopa atahangaika. Nami naogopa. Lakini nakuomba, kaka, kwa heshima zote, useme iachwe.

Msalimie wifi, na mapacha uwabusu kwa niaba yangu. Baba Mdogo akipita, mwambie Mama amemuulizia kwa jina. Mungu awafunike kwa wema wake, awape riziki na usingizi wa amani.

Halafu piga simu saa tisa alasiri, wakati huo yuko macho. Huenda akakuuliza Baba yuko wapi, maana anasahau. Usimdanganye, na usimwambie anipe simu mimi. Mwambie, kisha ulie naye. Hata wewe siku ile ya mazishi hukulia.

Nikupendaye hata ukininunia,
mdogo wako, Kitindamimba