Inchi Sita Zisizokuwamo Bwawani

Kwa mama yangu mpenzi, Msambweni.

Shikamoo mama. Nawaamkia nyote mlio nyumbani, na naomba barua hii ikukute kifua kimekwisha kukuachilia. Mimi mwili ni mzima ila nimechoka, mama, nimechoka hata kalamu naiona nzito. Najua atakayekusomea ni Ami Bakari. Ami, shikamoo, na tafadhali usiruke mahali, hata utakapofika penye aibu yangu.

Niseme kwanza lililo zito: arusi ya dada yangu Mwanahamisi sitafika. Najua hapo utaweka kikombe chini. Tangu marehemu baba atutoke, mimi ndimi walii wa Mwanahamisi, na watu wa Tiwi, upande wa bwana arusi, wameshaambiwa kwamba kaka mtu anakuja kumuoza dada yake. Ruhusa ya kazini nilikuwa nayo mkononi, imetiwa sahihi. Nimeikosa kwa mkono wangu mwenyewe. Sikiliza ilivyokuwa.

Huku bara stima yetu, umeme wa mji mzima, inatoka mahali pawili. Iko mashine inayozungushwa na maji ya mto, na ziko injini mbili za mafuta. Maji ni ya Mungu, hayanunuliwi. Mafuta yanaletwa kwa garimoshi, na kila pipa likifunguliwa Bwana mkubwa hukunja uso kama ang'olewaye jino. Kwa hiyo maji yakiwa mengi, injini zinalala. Yakipungua, zinawashwa mapema na kupashwa moto taratibu, na hapo hapewi mtu ruhusa, kwa kuwa kila mkono unatakikana. Kazi yangu ni kwenda bwawani kila asubuhi, nisome ubao wa kipimo uliosimamishwa majini, kisha nipige simu kwenye nyumba ya injini. Nikisema maji yapo, yapo.

Mvua za mwaka huu zimetupa kisogo. Nilipoona maji yanashuka na arusi inakaribia, nikaongeza inchi mbili katika kusema kwangu. Kesho yake nne. Siku ya nne nimefika sita, nikijidanganya kwamba mvua itakuja kuzifidia. Bwana akafurahi, akaitia sahihi ruhusa yangu.

Siku ya tano, adhuhuri, maji yakashuka chini ya mdomo wa bomba. Mashine ikameza hewa, ikasimama, na mji mzima ukakosa stima. Hospitalini kulikuwa na mtu anapasuliwa. Daktari alimalizia kwa kurunzi. Mgonjwa alipona, alhamdulillahi.

Mwendesha injini ni Mutiso, Mkamba, yule niliyekuandikia kwamba aliniuguza nilipopatwa na homa. Injini ilikuwa baridi, akahangaika nayo karibu saa nzima. Bwana akasema Mutiso alikuwa amelala, akamwandikia barua ya kufukuzwa. Mutiso hakunishuku hata chembe. Alikuja chumbani kwangu na kiondo alichosuka mkewe. Akasema, "Mpelekee bibi arusi. Wewe enda tu nyumbani, Salimu. Mimi nitatafuta kazi ingine."

Mama, nilikitazama kile kiondo nikamkumbuka mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, alivyotukariria kwamba walii sharti awe mwadilifu. Ningekaa mbele ya shehe, nikamshika mkono bwana arusi, na uongo umenijaa kifuani? Asubuhi nilikwenda kwa Bwana nikasema yote.

Mutiso amerudishwa kazini. Mimi sikufukuzwa, maana watu ni wachache, lakini ruhusa imefutwa. Nikitoka bwawani nashinda nikisukuma mapipa, na bwawani kwenyewe siendi tena peke yangu: Mutiso amewekwa kuhakikisha ninachosoma. Tunakwenda kimya, tunarudi kimya. Hilo linanichosha kuliko mapipa.

Basi Ami Bakari, sasa nasema na wewe. Nimetubu kwanza, ndipo nikaandika. Mimi Salimu bin Hamadi nimekuwakilisha, uwe wakili wangu, umuoze ndugu yangu Mwanahamisi binti Hamadi kwa mchumba aliyemridhia, kwa mahari mliyopatana. Mashahidi wangu ni mpishi wa kambi na askari wa lango, Waislamu wote wawili, nao wametia vidole vyao vya wino hapa chini.

Nisalimieni mwalimu wa chuoni, mwambieni somo lake lilichelewa lakini lilifika. Shangazi mpika pilau anibakizie ukoko, japo wa kutajiwa tu. Na dada yangu anisamehe. Najua siku hiyo nyinyi mtaomba mvua isinyeshe, nami huku naiomba kila sala; Mungu ndiye ajuaye kugawa.

Leo asubuhi nimesoma futi tatu kasoro inchi moja. Mutiso akainama, akautazama ubao, akatikisa kichwa kukubali. Tulipofika nusu ya njia akaniuliza, "Kile kiondo, umekituma?" Ni neno lake la kwanza kwangu lisilo la kazi tangu siku ile.

Kimo ndani ya furushi linalokuja na barua hii, mama. Mpe Mwanahamisi mkononi, na umwambie kimetoka kwa mtu niliyemdhulumu.

Ni mimi mwanao,
Salimu