Tangi Linakaribia Kujaa, Naogopa Bomba Likifunguliwa

Mama Marieta, wewe unayewajibu watu gazetini, naomba unisikilize na mimi, na kama gazeti litachelewa unitumie hata neno moja kwa mtu yeyote anayekuja Bunda, maana kwa mvua hizi tangi letu litajaa wakati wowote na likijaa ndiyo basi.

Naitwa Getruda, nimeolewa Guta, upande wa ziwani. Mume wangu ni Florian Magesa, tunalima pamba na mihogo, tuna mtoto mmoja, Kija, na tunaishi na mama mkwe wangu. Wifi yangu Wankyo, dada yake Florian wa tumbo moja, naye tulikuwaga naye hapa nyumbani mpaka kiangazi kilichopita. Maji tulikuwaga tunachota ziwani, hatukuwa na kwingine, kisima cha shule kilikauka na bomba la kijiji tangu mashine ife hakuna aliyeitengeneza, na siku hizi magugu maji yamefunika ufuko wote, huoni hata maji yanapoanzia, inabidi uyasukume kwa ndoo ndipo uchote. Asubuhi hiyo Wankyo alikuwa mbele yangu. Aliinama akajaza yake, akanigeukia akasema, "Wifi, leta na ya kwako nikujazie." Nikamnyooshea ndoo, na mamba akamchukua. Hakupiga hata kelele. Nilibaki nimenyoosha ndoo mpaka wenzangu waliponivuta nyuma.

Florian na wenzake walizunguka na mitumbwi mpaka wakapata cha kuzika. Baada ya msiba alisimama mbele ya ukoo akasema hakuna mtu wa nyumba yake atakayekanyaga ufukoni tena, na kwa kuwa nyumba yetu ina bati tangu mwaka ule pamba ilipotulipa, atatafuta tangi tukinge mvua. Nilifurahi, Mama, nisikudanganye. Nikamwambia kwetu Nyamuswa kuna akina mama wa kanisa, kiongozi wao Hana nilisoma naye, wanajenga matangi ya saruji na wavu wa kuku, wewe unatoa mchanga na kokoto na nguvu zako, wao wanakuja na fundi. Akasema vile ni vyungu vya wanawake, vinapasuka, na tena vinakauka polepole wakati mvua iko mlangoni. Matangi meusi ya plastiki aliyaona dukani Musoma, akayagusagusa akaondoka, bei yake haishikiki kwa mkulima ambaye siku hizi pamba yake anamuuzia yeyote anayepita na mizani.

Ndipo akaenda Bunda, kulikuwa na ghala moja la pamba lililofungwa wanauza vitu vyake, akarudi juu ya lori na tangi la chuma, kubwa, limepakwa rangi mpya ya kijani. Watu walishangilia. Mimi nilipofungua mfuniko nikaingiza kichwa, harufu ilinipiga mpaka machozi yakatoka. Mama, mimi nimekulia kwenye pamba. Baba yangu alikuwaga ananifunga khanga puani siku za kupulizia dawa ya wadudu, harufu ile hata usingizini naijua.

Nikamuuliza, "Baba Kija, hili lilikuwa la nini?"

"La maji. Aliyeniuzia amesema la maji ya wafanyakazi."

"Linanuka dawa."

"Linanuka kutu. Nitaliosha."

Kweli aliliosha, kwa sabuni, kwa majivu, kwa mchanga, akaliacha wazi juani. Harufu ikapungua. Lakini jua likiwaka sana inarudi.

Mvua zilipoanza akaunganisha mfereji wa bati. Bomba likawa linadondosha kidogo, chini pakawa na kidimbwi, kuku wangu na vifaranga wakanywa hapo. Kabla ya mchana walikuwa wamelala wote, miguu juu. Florian akasema ni kideri, ule ugonjwa wa kuku. Na kideri kweli kipo, kwa jirani yetu Makongoro kimepita, kwa hiyo sijui, Mama, hapo ndipo ninapochanganyikiwa, sijui! Siku moja alipoenda shamba nilifungua bomba nikayamwaga maji yote. Jioni aligonga tangi likalia tupu, akauliza ni nani, na mama mkwe wangu akaanza kulia, akasema aliyefanya hivyo anataka kuturudisha kwa mamba. Nilinyamaza. Sasa mvua imezidi na tangi linakaribia ukingo. Florian amesema bomba halifunguliwi mpaka lijae, katekista aje aliombee, na majirani wote wameambiwa waje na ndoo zao bure, maana hataki mtu mwingine azikwe kama Wankyo. Nikimwambia tuogope anasema, "Tutachemsha. Hata kipindupindu cha huko Musoma kinakufa kwa moto."

Nikisema na kumbe nimekosea, nitakuwa nimewarudisha watu ziwani kwa sababu ya pua yangu. Nikinyamaza na kumbe ni kweli, nitamnywesha Kija kwa mkono wangu. Siwezi kula, kila nikisikia mvua juu ya bati nasikia maji yanapanda. Nifanye nini?

Getruda, Guta

MAMA MARIETA ANAJIBU

Getruda mwanangu, pole. Pole kwa wifi yako, na pole kwa yale uliyoyaona ukiwa umeshika ndoo. Sasa futa machozi unisikilize, maana barua hii siipeleki gazetini kwanza, naituma leo kwa sista anayeshuka Bunda.

Pua yako haijakosea. Mtu aliyekulia kwenye kupulizia hahitaji kusubiri kuku. Na hata kama kuku walikufa kwa kideri, wewe utamjaribishia nani tena ili uwe na uhakika? Kija? Kwenye chombo cha kunywea, shaka peke yake inatosha.

Kuchemsha kunaua vijidudu, na kwa kipindupindu mchemshe kweli, msiache. Lakini dawa ya pamba si kijidudu. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki. Majivu na sabuni havisafishi chuma kilicholewa dawa miaka yote hiyo.

Na wewe nikugombeze kidogo. Kumwaga maji kwa siri ulikosea. Uliyamwaga uani, mahali mtoto anapocheza, na bado mvua ikajaza tena. Utamwaga mara ngapi? Mumeo si mtu mbaya. Ni mtu aliyemzika dada yake, na wewe umekuwa ukiogopa msiba wake kuliko sumu. Mwambie leo, mchana, mama yake akiwa amekaa hapo hapo. Usimwambie amekosea kununua. Mwambie, "Baba Kija, hebu ingiza kichwa unuse na wewe." Halafu nyamaza.

Akikataa, nenda moja kwa moja kwa katekista, yeye asije kuombea kitu hicho, na kutoka hapo nenda Bunda kwa bwana afya. Majirani waambie mwenyewe. Aibu itapita, wataongea na watachoka. Maji hayo yasielekezwe ziwani wala shambani, bwana afya aseme yamwagwe wapi. Na tangi lisiuzwe. Litobolewe.

Kwa sasa kingeni mvua kwenye sufuria na mitungi yenu wenyewe, mkiacha ile ya mwanzo ioshe bati kwanza. Mkilazimika kwenda ziwani, msiende mmoja mmoja wala kwenye magugu. Wanaume wasafishe sehemu moja, wachimbie uzio wa miti iliyochongwa majini, mchote jua likiwa juu. Kisha mwite Hana na vyungu vyake. Tangi la saruji likifunikwa vizuri, likawekwa chujio mdomoni, likalowanishwa kila siku mpaka lishike, halipasuki. Linalopasuka ni lile la mtu aliyekuwa na haraka.

Nenda sasa. Usimalize hata kuosha vyombo.

Wasomaji wangu, Getruda amenijibu, na mumewe ndiye aliyetaka majina yao yaandikwe humu, na sababu yake mtaiona.

Barua ilimkuta tangi likiwa limebakiza kidogo lijae. Alimwita Florian mbele ya mama mkwe, akamwambia nilivyomwelekeza. Florian alifoka. Akasema, "Mama Kija, unataka nikakutafute na wewe kwa mtumbwi?" Getruda akanyamaza. Mama mkwe ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Panda, mwanangu. Kunusa tu."

Akapanda. Akafungua mfuniko, lakini kichwa hakuingiza. Alikaa juu ya tangi amelishika kwa mikono miwili, na mvua inamnyeshea, mpaka Getruda akaogopa ataanguka. Ndipo akasema, "Nilisikia harufu tangu siku ile kwenye lori. Nilijiambia ni kutu. Sikuweza kurudi nyumbani mikono mitupu, Getruda, mkashuka tena kule."

Mama mkwe hakulia safari hii. Alimshikia ngazi ashuke.

Florian alikwenda mwenyewe kwa majirani, nyumba kwa nyumba. Wapo waliomtukana. Makongoro alimwambia amewanyima maji baada ya kuwaahidi, na hajamsalimia mpaka leo. Bwana afya alikuja, akanusa mara moja tu akarudi nyuma, akachukua maji kwenye chupa ya kupeleka kupimwa, akachagua mahali mbali na ziwa na visima pa kuchimba shimo. Tangi lilipokwisha kukauka Florian alilitoboa kwa shoka pande zote. Akina mama wa Nyamuswa wamefika, tangi la saruji limesimama, lakini bado halijaiva, na mpaka litakapoiva wanachota ndani ya uzio huku wanaume wamesimama majini wamegeukia magugu. Getruda anasema mpaka leo hainami kabla hajayaangalia magugu. Aendelee kuangalia.

Sasa sababu ya majina. Siku ile Bunda tangi halikuwa moja. Florian aliona jingine likipakiwa na mtu aliyesema analipeleka Butiama, na jingine ambalo mnunuzi wake aliuliza kama bandarini Mwigobero atapata mtumbwi wa kulibeba kwenda vijiji vya ng'ambo. Yote yalikuwa yamepakwa rangi ile ile mpya ya kijani. Hajui majina yao, ndiyo maana ametoa la kwake, ili walionunua naye siku ile wamkumbuke na waamini. Mimi pia siyajui, na tangu nisikie habari hiyo nimekuwa nikihesabu mvua.

Wewe uliyelinunua, pengine katoto kako kanasimama chini ya bomba lake unaposoma haya. Weka gazeti chini. Panda, fungua mfuniko, ingiza pua. Na ukijikuta unasita kunusa, usimpe mtu maji hayo.