Mstari Katikati ya Jani

3 Februari

Mke mwenzangu,

Hujambo huko? Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yamekuwa na kiburi kuliko mwenyewe. Baba yako anasema huna muda wa kuandika. Muda wa kupaka kucha rangi unao, nimeona picha.

Nakutumia kijiko cha fedha. Si changu, ni cha jirani yangu mshonaji. Alikinunua kwenye vyombo vya zamani vilivyokuwa vikiuzwa nyumbani kwa watu, kwa hiyo kikipotea utanitambua. Geuza mpini, utaona jani. Hiyo ni chapa ya marehemu babu yako. Baba yako mkubwa, kifungua mimba wangu, aliondoka nayo siku aliyogombana na babu yako. Alikinyakua mezani chuma cha kuigongea akatoka, na mpaka leo sijui kama kaishi au kafa. Babu yako hakuchonga nyingine. Alifua fedha bila alama mpaka tunamzika.

Wewe si ndiyo kazi yako hapo dukani, kusoma alama za vyombo? Basi nisomee. Kama kilifuliwa kabla ya ugomvi, ni cha babu yako, nitanyamaza. Kama ni baada, ni mkono wa mwanangu. Nataka kujua kama aliishi. Na usinipe maneno ya vitabuni, mimi ni wa darasa la tatu.

Bibi yako

20 Februari

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini magoti yameshusha kiburi. Kucha nilipakwa na rafiki, tena nikiwa nimelala.

Kijiko tumekikagua mimi na bosi wangu kwa kioo cha kukuza. Kuna alama tatu. Moja ni ya ubora wa fedha. Moja ni ya ofisi ya mji inayoipima, na ina herufi ya mwaka. Ya tatu ni jani. Herufi ni ya mwaka waliooana baba na mama, na baba anasema kaka yake aliondoka yeye akiwa bado shuleni. Ni yeye, Bibi. Kuna kamstari kanakokata jani katikati, nadhani chapa ilishachakaa. Mji wenyewe tumeujua. Kijiko nakirudisha kwa posta, na nikipata likizo nitakwenda huko.

Mjukuu wako

2 Machi

Mke mwenzangu,

Salamu zimefika. Magoti usiyaulize tena, jana yamenipeleka sokoni kununua shuka. Nimemtandikia chumba cha nyuma. Baba yako ananiambia nisitangulize mambo. Nimemwambia anyamaze, yeye ni wa pili, hajui.

Usingoje likizo. Mwambie bosi wako bibi yako mgonjwa. Si uongo, umri wangu wenyewe ni ugonjwa. Ukimkuta usimlilie mlangoni. Mwambie baba yake alikufa bila kinyongo. Akigoma kuja, mtazame anavyoshika nyundo, uniambie kama bado anakunja kidole gumba. Nilimgombeza mpaka nikachoka na hicho kidole. Na mwambie mimi nipo.

Bibi yako

11 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimekawia kwa sababu kila barua niliyoanza niliichana.

Nilifika. Niliulizia mwenye chapa ya jani, nikaonyeshwa nyumba. Mlango alifungua mama mmoja mtu mzima, kavaa aproni ya ngozi, vidole vyeusi. Nikamwonyesha picha ya alama. Akasema, "Hicho nimefua mimi."

Nilikosea, Bibi. Ule mstari si uchakavu. Katika mji ule fundi akifa, mjane anayeendelea na kazi hutumia chapa ya mumewe, ila huikata kwa tupa mstari mmoja, watu wajue ni mkono wa mjane. Mimi sikulijua hilo, wala bosi wangu. Kijiko kilipofuliwa, baba mkubwa alikuwa ameshakufa. Ni kifua, alisema. Hawakujaliwa mtoto.

Nilipomwambia mimi ni mtoto wa mdogo wa mumewe, alinishika mikono asiniachie. Kisha akasema, "Mume wangu alifiwa na mama yake angali mdogo. Alikuwa akimtaja, macho yanalowa." Nikamuaga bila kumwambia kuwa upo. Ananiomba nirudi tena. Nimwambieje?

Mjukuu wako

9 Juni

Mjukuu wangu,

Mimi mzima. Usimwambie kitu.

Mwanamke mwenye akili zake, akijua mumewe ana mama aliye hai, atamwambia, "Inuka twende." Mwanangu hakutaka kuinuka, ndiyo maana akanizika. Huyo ni baba yake mtupu. Sasa ukimwambia nipo, ataanza kujiuliza alidanganywa nini kingine, na wa kumjibu hayupo. Mwache na mumewe kama alivyomjua.

Na wewe uache kulia kwa ajili ya mstari, hukuukata wewe. Nenda kamsalimie, muulize kama macho yake bado yanaiona kazi. Ukinitaja, nitaje kama marehemu, ulimi usikuteleze.

Shuka nimezitandua. Baba yako alitaka kunisaidia, nikamfukuza.

Jirani nimempa kijiko chake. Akauliza kama fundi amejulikana. Nikamwambia ni mwanamke, tena kazi anaiweza, apitishe kidole ukingoni aone ulivyo laini.

"Kwani unamfahamu?"

Nikamwambia hapana, nimesikia tu habari zake.

Bibi yako