Sahani Tupu

Makongeni, Thika

Mjukuu wangu Wanjiru,

Habari za huko kwenye baridi? Sisi tuko salama. Goti la babako limepata nafuu, na mbuzi wa mjomba wako kule Gatuanyaga amezaa mapacha.

Umeniuliza kama ni ujinga kutumia siku zenu za mwisho kwenye ile mashine yenu ya utafiti kurusha chembe za heliamu kwenye sahani tupu, isiyo na kaboni, na wenzako wanataka muendelee kuhesabu alama mlizoanza kuona heliamu ikigonga kaboni. Si ujinga.

Nilipokuwa msichana kwenye kiwanda cha nyuzi hapa Thika, mlio mbaya ulianza upande wangu. Fundi akasema ni mashine yangu, akataka kuifungua yote. Tulilipwa kwa uzito wa nyuzi, kwa hivyo hakuna aliyezima mashine kwa hiari. Mimi nikaizima.

"Wee, utakula nini?" wenzangu wakapiga kelele.

"Nyamazeni, msikilize."

Mlio bado ulikuwepo. Fundi akabeba spana zake, akaenda kwa mashine ya jirani. Yangu ilinitetea kwa kunyamaza.

Basi weka sahani tupu. Alama zikiendelea kuja, hazikutoka kwa kaboni, na hutakuwa umedanganya watu kuhusu vile nyota zilitupikia oksijeni. Zikikoma, basi zilitoka kwa kaboni kweli, na hakuna profesa atakayekubishia.

Mimi nimeshawaambia wamama wa kanisa kwamba zitakoma. Lakini wewe usiniamini. Pima.

Shosho yako